Vichezeo vya Kutengeneza Nyumbani: Somo kwa Kaka na Dada Wakubwa

Ndugu wasomaji, likizo inakaribia. Kila mmoja wenu atafunga sanduku lake, na karibu kila mmoja atakuta nyumbani mtoto aliye mdogo kuliko yeye: ndugu wa tumbo moja, binamu, mpwa, au mtoto wa jirani. Nanyi wanafunzi wa zamani, wengi wenu sasa mna watoto wenu wenyewe. Somo la leo ni juu ya watoto hao, tangu wa miaka 2 hata wa miaka 8, na juu ya vitu vichache ambavyo mkono wa kijana waweza kuwatengenezea bila kununua kitu, au kwa kununua kidogo sana.

Huenda mtu akasema, "Haya ni mambo ya watoto wadogo; yanatafuta nini katika gazeti la shule ya sekondari?" Namwomba mtu huyo asome mpaka mwisho, kisha aamue mwenyewe.

I. MTOTO AFANYA NINI ANAPOCHEZA?

Mtazame mtoto wa kike wa miaka minne aliyefunga gunzi la mahindi mgongoni kwa kitambaa. Anatembea polepole, anaimba, anasimama na kulibembeleza. Je, mtoto huyu hajui kwamba lile ni gunzi? Anajua sana. Mama yake akimwita na kumwambia alitupe motoni kuni zikiisha, atalia, lakini hatashangaa kwamba gunzi laweza kuungua. Kichwani mwake ameshika vitu viwili kwa wakati mmoja: gunzi analoliona kwa macho, na mtoto mchanga asiyeonekana. Kushika vitu viwili namna hiyo ni kazi kubwa ya akili, wala hakuna mnyama aifanyaye kama mwanadamu.

Mtaalamu mmoja wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37 tu, alilifikiri sana jambo hili. Mwaka 1933 alitoa mhadhara juu ya mchezo wa mtoto, akataja mtoto anayepanda fimbo na kuiita farasi. Alieleza kwamba hapo mtoto anaanza kutenga maana ya kitu na kitu chenyewe. Fimbo inamsaidia kumwaza farasi ambaye hayupo. Kwingineko alieleza pia kwamba michezo ya namna hii, pamoja na kuchora, ni mwanzo wa safari inayomfikisha mtoto kwenye kuandika.

Hebu tulipime neno hilo. Herufi M haifanani hata kidogo na sauti ya M. Ni vijiti vinne tu vilivyoegemeana. Mtoto akifika darasa la kwanza, mwalimu humwambia kwamba vijiti hivi ni sauti. Mtoto aliyezoea kwamba gunzi ni mtoto, kwamba jani ni noti ya shilingi elfu moja, na kwamba mstari uliochorwa mavumbini ni ukuta usioruhusiwa kupita, hapati taabu kukubali. Amekwisha kufanya kazi hiyo mara elfu kabla hajashika kalamu. Kwa hiyo mzazi anayemfukuza mtoto katika mchezo wake na kusema, "Acha upuuzi, shika kitabu," anamnyima matayarisho ya kitabu chenyewe.

Jambo hili halikuanza kujulikana jana. Mwaka 1837 Friedrich Froebel alifungua nyumba ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, Ujerumani, na mwaka 1840 akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Shule zetu za chekechea ni wajukuu wa nyumba hiyo. Vitu vya kwanza alivyowapa watoto vilikuwa vyepesi mno: mipira ya nyuzi za sufu, kisha tufe na mche wa mbao, kisha mche mmoja uliogawanywa katika vipande vinane vidogo. Hakuwapa nyumba iliyokwisha kujengwa. Aliwapa vipande, akawaachia kujenga.

II. KANUNI: BAKIZA KAZI

Hapa ndipo lilipo jambo kuu la somo hili, nalo ni fupi: kichezeo kizuri ni kile kinachombakizia mtoto kazi.

Gari la betri linalokwenda lenyewe, linalowaka taa na kupiga honi, limekwisha kufanya kila kitu. Mtoto hubonyeza kidude, akatazama. Siku ya kwanza hucheka, siku ya pili hubonyeza tena, na wiki haipiti ila limetupwa uvunguni. Wakubwa husema, "Mtoto huyu hana shukrani." Si kweli. Mtoto hakuachiwa nafasi ndani ya kichezeo kile.

Sisemi kwamba kila kitokacho dukani ni kibaya. Seremala wa Denmark, Ole Kirk Christiansen, alianza kutengeneza vichezeo vya mbao katika mji wa Billund mwaka 1932. Karakana yake ndiyo iliyozaa vile vitofali vya plastiki vya LEGO, ambavyo vimekuwa na umbo lake la leo tangu mwaka 1958. Vitofali sita vya namna moja, vyenye vifundo vinane kila kimoja, vyaweza kuunganishwa kwa njia zaidi ya milioni 900. Hicho ni kichezeo cha duka, lakini kimeifuata kanuni yetu: kimebakiza kazi. Bahati mbaya ni ghali. Udongo wa kichuguu nao una njia zisizohesabika, na haulipiwi.

III. VITU VINNE VYA KUTENGENEZA

(a) Mwanasesere wa mgomba

Katika sehemu nyingi za Uganda migomba iko nyuma ya nyumba. Chukua ganda kavu la shina lake, lile ambalo Waganda huliita kyayi. Likiwa limekauka mno litavunjika, kwa hiyo linyunyizie maji kidogo, au lichume asubuhi kungali na umande.

Kata kipande chenye upana wa vidole vinne na urefu wa shubiri mbili. Finyanga majani makavu yawe kidonge cha ukubwa wa limau. Weka kidonge katikati ya kipande, kunja ganda juu yake, kisha funga chini ya kidonge kwa uzi wa mgomba. Hapo umepata kichwa na shingo. Viringisha kipande kingine chembamba chenye urefu wa shubiri moja, ufunge ncha zake mbili. Hiyo ni mikono. Ipitishe kati ya zile pande mbili za ganda, chini ya shingo, halafu funga kiuno. Sehemu ya chini ukiiacha itanuke itakuwa gauni. Ukiipasua katikati na kufunga kila upande, itakuwa miguu.

Sasa angalia: usimchoree uso. Mwanasesere aliyechorwa kicheko atacheka hata siku ya msiba. Asiye na uso aweza kulia, kulala, kuugua na kupona, kama mtoto atakavyo.

(b) Ng'ombe wa udongo

Watoto wa wafugaji wamefinyanga ng'ombe tangu zamani. Wataalamu walioandika habari za Wanuer wa Sudan Kusini, na za Wakaramoja wetu, wamewaona wavulana wakijenga mazizi madogo mchangani na kuyajaza ng'ombe wa udongo.

Tafuta udongo wa kichuguu au wa bondeni. Toa mawe na mizizi, tia maji kidogo kidogo, ukande mpaka usishike mkononi. Ukiukunja kama kamba nyembamba nao usipasuke, umefaa. Finyanga mwili mzima kwa donge moja, uvute miguu kutoka katika donge hilo. Miguu inayobandikwa baadaye huanguka udongo ukikauka. Mwili usiwe mnene sana, maana nje hukauka upesi na ndani hubaki na maji, nao hupasuka. Kausha kivulini siku tatu au nne, usiweke juani. Kwa ng'ombe wa Ankole, pembe ndefu za udongo hazidumu. Tumia vijiti vilivyopinda, uvichomeke udongo ungali mbichi.

Tengeneza ng'ombe mmoja tu. Donge lililobaki mwachie mtoto. Ndama wake wa kwanza atafanana na kiazi, lakini ndiye atakayepewa jina.

(c) Gari la waya

Hili ni la mtoto wa miaka 6 na zaidi. Malawi huliita galimoto, na sifa zake zimeenea kusini yote ya Afrika. Wahitaji mita tatu hivi za waya laini, koleo, kandambili iliyokwisha kazi, na tete refu.

Kunja waya ufanye fremu ya chini yenye urefu wa shubiri moja na nusu na upana wa nusu yake. Simamisha waya nne za pembeni, uzunguushe waya wa juu kuwa paa. Kila waya unapokutana na mwenzake, uzungushie mara tatu kwa koleo. Magurudumu yakate katika soli ya kandambili. Weka kizibo kipana au kikombe juu yake, chora duara, kata kwa kisu. Ekseli ya nyuma yazunguka ndani ya vitanzi viwili vilivyofungwa kwenye fremu. Ekseli ya mbele ifunge katikati tu, ili iweze kugeuka kushoto na kulia. Kutoka katikati ya ekseli hiyo panda na waya mgumu, upite katika kitanzi cha paani, uufunge kwenye tete, na mwisho wa tete uweke usukani wa duara. Tete liwe refu kiasi cha kumfikia mtoto kifuani, aweze kukimbia amesimama wima.

Mtoto mdogo zaidi mfanyie gari la boksi dogo la karatasi ngumu lenye kamba ya kuvutia. Kwake litatosha kabisa.

(d) Duka na mizani

Omba dukani boksi kubwa tupu la sabuni au biskuti. Kata dirisha moja upande mmoja, basi. Leo litakuwa duka, kesho zahanati, keshokutwa basi la kwenda Kampala. Ukilipaka rangi na kuandika "DUKA", umeliua basi na zahanati.

Ndani ya duka weka mizani. Chukua kijiti kilichonyooka chenye urefu wa sentimita 40 hivi, ukifunge kamba katikati ukitundike. Kila ncha tundika mfuniko wa kopo kwa nyuzi tatu zilizo sawa, baada ya kuzipiga kingo zake kwa jiwe zisikate. Ukiona upande mmoja umelemea, sogeza kamba ya katikati kidogo kidogo mpaka kijiti kitulie. Mtoto atapima mchanga kwa kokoto, na siku mwalimu atakapomfundisha mlinganyo atakuwa ameukuta mkononi mwake miaka mingi nyuma.

IV. HADHARI

Mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu kinywani. Kitu chochote chenye upana wa chini ya sentimita 3 hivi, kama kizibo cha soda, ushanga, kokoto au punje ya mahindi, chaweza kumziba koo. Mtoto huyo mpe vikubwa tu.

Betri ndogo za duara, zilizo kama vifungo vya nguo, ni hatari kupita zote. Mtoto akiimeza moja na ikakwama kooni, huunguza nyama kwa muda wa saa chache. Mkimbizeni hospitali mara moja, msingoje kesho.

Ncha za waya zikunjeni ndani. Makopo na chupa zilizokuwa na dawa ya kunyunyizia kahawa au mboga msizitumie kamwe, hata zikioshwa mara kumi. Na udongo usichotwe mahali wanapotupa takataka au karibu na choo.

V. NAMNA YA KUCHEZA NAYE

Ukiisha kumpa kichezeo, kaa kando. Mtoto akisema ng'ombe wake anaruka angani, usimwambie kwamba ng'ombe hana mabawa, analijua hilo. Muulize, "Anakwenda wapi?" Swali hilo moja hufungua hadithi ya nusu saa. Akikupa chai katika kifuu kitupu, inywe, na useme ina sukari nyingi. Akikuweka uwe abiria, panda. Akikuweka uwe mgonjwa, lala ukapigwe sindano. Usiwe dereva wala daktari mpaka akuchague.

Jambo jingine: kichezeo kikivunjika, usikitengeneze peke yako. Kitengenezeni pamoja, naye ashike waya wakati wewe umeshika koleo. Hivyo ndivyo mchezaji anavyogeuka kuwa fundi.

VI. MNYORORO

Sasa nawajibu wale waliouliza kwa nini somo hili limewekwa katika gazeti la shule ya sekondari.

Kazi hizi nne hazikuwa zikifundishwa na wazazi. Mzazi yuko shambani, sokoni au ofisini. Aliyemfundisha mtoto wa miaka sita kukunja waya alikuwa mtoto wa miaka kumi, naye alifundishwa na wa miaka kumi na minne. Elimu hiyo ilishuka kwa mikono ya watoto wenyewe, kama maji yanavyoshuka kwa mfereji. Bweni linamwondoa nyumbani mtoto mkubwa wakati mikono yake imeanza kuwa hodari. Anarudi mara tatu kwa mwaka, amevaa viatu, na anaona haya kushika udongo. Hapo mfereji unakauka, wala hapana aliyekusudia kuukausha.

Mahali palipoachwa na kaka, simu imekalia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni, na mtoto wa miaka 2 hata 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Wazee wa nyumbani watapunguzaje, ikiwa hapana kingine cha kumpa mtoto? Ni rahisi kusema, "Mnyang'anye simu." Ni wewe unayeweza kumwekea gari la waya mkononi.

Tena, tusisahau yaliyotupata. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Watoto waliokuwa na miaka mitatu wakati ule walifikisha mitano bila kuona mlango wa chekechea. Nyumba iliyokuwa na kaka au dada mwenye mikono na subira ilikuwa na shule. Nyumba isiyokuwa naye ilikuwa na ukuta tu.

Nchi zetu zilikwisha kukubali kwamba mchezo ni haki. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, chataja mchezo pamoja na mapumziko. Lakini haki haijifungui yenyewe kama zawadi. Hapana budi mtu fulani akae chini na mtoto fulani.

Ikiwa ungali na shaka, mkumbuke William Kamkwamba wa Malawi. Mwaka 2002, akiwa kijana wa miaka 14 aliyeacha sekondari kwa kukosa karo wakati wa njaa, alijenga kinu cha upepo cha kutoa umeme kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na magogo. Vitabu vya maktaba ya kijiji vilimpa elimu ya kazi hiyo. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 2009 anasimulia pia utotoni mwake, jinsi yeye na wenzake walivyotengeneza magari ya kuchezea kwa makatoni matupu ya pombe. Sisemi kwamba kila mwenye gari la katoni atawasha taa kijijini kwao. Nasema kwamba aliyezoea kuona gari ndani ya katoni haoni ajabu kuona kinu ndani ya baiskeli.

Nanyi wanafunzi wa zamani, msiseme vidole vimekuwa vigumu. Ujuzi hauzeeki. Jioni moja ya Jumamosi, waya mita tatu, na mtoto wako amekaa karibu nawe akishika ncha ya pili, yatosha kuufungua mfereji tena.

ZOEZI LA LIKIZO

1. Tengeneza kimoja katika vitu vinne vya hapo juu pamoja na mtoto, si kwa ajili yake tu. Andika ni sehemu gani aliifanya mwenyewe.

2. Mtazame mtoto akicheza kwa robo saa bila kusema neno. Hesabu vitu alivyovigeuza kuwa vitu vingine. Vilikuwa vingapi?

3. Mwulize bibi au babu yako alichezea nini alipokuwa mdogo, na nani alimfundisha kukitengeneza. Kisha mwombe akufundishe.

4. Mfundishe mtoto wa miaka kumi kazi moja, mpaka aweze kumfundisha wa miaka sita wewe ukiwa umerudi shuleni. Zoezi hili ndilo lenye alama nyingi kuliko yote.

Haya, ndugu zangu. Kazi kwenu.